Tuanzie Mekoni Kabla ya Kwenda Msituni

Iwapo kuna mada ambayo wanafunzi wetu wameimudu barabara, ni ile ya uhifadhi wa mazingira. Nimesahihisha insha nyingi kuihusu. Takriban zote huanza kwa kuisifu miti, ambayo hutupa hewa safi na kuzuia mmomonyoko wa udongo, kisha humalizikia kwa wito kwamba Serikali iwachukulie wakataji miti hatua kali. Lugha huwa teule, methali hupangwa zikapangika. Lakini katika insha hizo zote ni nadra kukuta sufuria. Mkataji miti anayelaaniwa ni mtu wa mbali, mwenye msumeno na lori. Hakuna anayeuliza gunia la makaa likishateremshwa kutoka kwenye lori hilo huelekea kwa nani.

Ukweli ulio mchungu ni kwamba huelekea kwetu. Katika aila nyingi za Kenya, mijini na mashambani, chakula cha jioni kingali kinaivishwa kwa kuni au makaa. Hebu tufanye hesabu ndogo. Anayechoma makaa kwa tanuri la kienyeji, lile la kufukia magogo kwa udongo, huhitaji kilo 6 za kuni, na mara nyingi zaidi ya hizo, ili apate kilo 1 ya makaa. Kwa hivyo anayerudi nyumbani na makaa ya kilo 2 amebeba kuni zisizopungua kilo 12, ila tu hazioni. Wahenga walinena kwamba bandu bandu huisha gogo. Tumezoea kuisoma methali hiyo tukimfikiria mwenye shoka. Mimi naona kwamba inamhusu vile vile anayekoleza moto.

Sisemi kwamba sheria haina maana. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ikaweka faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo. Wanunuzi wakaanza kwenda sokoni na viondo na mifuko ya kutumiwa tena na tena. Kwa maoni yangu, sheria hiyo ilisaidiwa na jambo moja: kiondo kilikuwapo tayari. Februari 2018 ilifuata marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma na ya jamii, ambayo Serikali ilitangaza kuiondoa mwaka 2023. Bei ya makaa ilipanda, lakini meko hayakuzimika, kwa sababu hakuna amri iwezayo kumwambia mtoto mwenye njaa angoje. Funzo ninalolipata ni kwamba sheria hufua dafu pale ambapo nyumbani pana njia nyingine ya kutenda jambo lile lile.

Njia hizo zipo, wala si za matajiri peke yao. Ya kwanza ni jiko lenyewe. Tangu miaka ya 1980 mafundi wetu wa jua kali wamekuwa wakiunda jiko lenye kiuno chembamba, bati kwa nje na udongo uliochomwa kwa ndani. Udongo huo huzuia joto lisipotelee ubavuni, likapanda kwenye sufuria. Likilinganishwa na jiko la bati tupu, hupunguza makaa kwa theluthi moja au hata karibu nusu. Hata hivyo, pana tahadhari. Jiko la makaa lisiwashwe katika chumba kilichofungwa madirisha, kwani hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo huua watu usingizini. Wala makaa yasiwashwe kwa vipande vya plastiki, jambo ninaloliona mitaani jioni baada ya jioni. Moshi wake humdhuru anayepika pamoja na mtoto aliye mgongoni mwake.

Ya pili ni mpango wa mpishi. Maharagwe yaliyorowekwa usiku kucha huiva upesi kuliko yale yaliyotiwa sufuriani yakiwa makavu. Sufuria iliyofunikwa huhitaji moto mdogo kuliko iliyoachwa wazi. Githeri ikishatokota vya kutosha na kuanza kulainika, sufuria yaweza kuepuliwa na kutiwa ndani ya kikapu kilichosheheni matambara au majani makavu, kisha ikafunikwa gubigubi. Joto lililomo litaendelea kuivisha bila kaa hata moja. Kikapu cha namna hiyo hutengenezwa nyumbani kwa vitu ambavyo vingetupwa.

Ya tatu ni maji. Milimita 1 ya mvua inayoanguka juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mabati lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5 lina mita 40 za mraba. Mvua ya milimita 10 ikinyesha alasiri moja wakati wa masika, paa hilo hupokea lita 400. Hata tukikadiria kwamba sehemu moja kwa tano itamwagika, zinabaki lita 320, yaani mitungi 16 ya lita 20. Mkaazi wa Kitui hahitaji kuelezwa maana ya mitungi 16. Ni safari 16 za msichana kwenda mtoni, na kitabu chake kimebaki nyumbani hakijafunguliwa. Mfereji wa bati chini ya paa na pipa safi lenye kifuniko vyaweza kumpunguzia safari hizo. Maji yaliyooshea mboga nayo yamwagiwe sukumawiki, na maganda yafukiwe yawe mboji.

Najua wapo watakaonibishia kwamba maskini hana la kufunzwa kuhusu kubana matumizi, kwa kuwa amebanwa tangu azaliwe. Wanasema kweli. Mama anayenunua mkebe mmoja wa makaa kila jioni hajakosa akili. Amekosa fedha za kununua jiko bora kwa mkupuo mmoja. Aidha, katika nyumba nyingi anayeshika mkoba siye anayepuliza moto, na asiyepuliza moto haoni haja ya jiko jipya. Tukiuacha uhifadhi wa nyumbani mikononi mwa akina mama na wasichana peke yao, tutakuwa tumewaongezea kazi nyingine juu ya zile walizo nazo. Akina baba na wanunue jiko. Wavulana na waroweke maharagwe, wateke maji na kutazama sufuria.

Kwa sababu hiyo nina ombi kwa walimu wenzangu. Mtaala wa umilisi unatutaka tumpime mwanafunzi kwa analoweza kutenda. Basi kila mwanafunzi, mvulana kwa msichana, apime makaa au kuni zinazotumika kwao kwa wiki moja. Wiki ya pili maharagwe yarowekwe, sufuria ifunikwe, makaa yanayosalia yazimwe na kuwekwa akiba, kisha apime tena. Asiye na mizani ahesabu mikebe au matita. Wanaotumia gesi au stima wapime maji, au wasome mita. Aandike pia ni nani aliyepika, ni nani aliyeleta kuni, na kazi hiyo ilichukua saa ngapi. Takwimu hizo zichorewe grafu katika Hisabati na kujadiliwa katika Kiswahili. Lakini mwalimu asitangaze matokeo ya nyumba moja mbele ya darasa zima, maana umaskini wa mtu si zana ya kufundishia.

Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, tunamkumbuka zaidi kwa miche iliyopandwa na kwa ujasiri wake mbele ya wakubwa. Mimi humkumbuka pia kwa jambo dogo. Alipofariki Septemba 2011, mwili wake uliwekwa katika jeneza lililoundwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, kwa kuwa alikuwa ameomba asizikwe ndani ya mbao. Aliyowafunza wengine kuhusu mti aliyafuata hata katika shughuli ya familia yake, siku ambayo hakuna ambaye angemlaumu kwa kutumia mbao mbili tatu.

Sisi hatuombwi makubwa kiasi hicho. Tunaombwa kifuniko cha sufuria, maharagwe ya kurowekwa usiku wa leo, na baba atakayeuliza bei ya jiko sokoni Jumamosi hii. Gogo huisha kwa vibanzi. Nalo likisalimika, litasalimika kwa vibanzi vivyo hivyo ambavyo hatukuvitia motoni.