Kubana kazi ya wiki siku tano: Sheria inaruhusu, hesabu ndiyo mtihani

Mfanyakazi anayekaa Chanika na kufanya kazi katika kiwanda kilicho Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, husafiri mara 12 kwenda na kurudi katika wiki ya siku sita. Akipunguziwa siku moja, anaokoa nauli ya safari mbili na kuipata Jumamosi nzima kwa shughuli zake.

Mwajiri naye huwasha mitambo mara tano badala ya sita, na mafundi hupata siku ya kuifanyia matengenezo.

Jambo hilo linawezekana bila kuvunja sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaweka kikomo cha saa tisa za kawaida kwa siku na saa 45 kwa wiki.

Hata hivyo, kifungu cha 21 kinaruhusu makubaliano ya maandishi ya kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwamo, bila malipo ya ovataimu. Masharti ni matatu: kazi isizidi siku tano kwa wiki, saa za kawaida zisizidi 45, na ovataimu isizidi saa 10 kwa wiki.

Mtego uko kwenye hesabu. Anayetaka siku nne atagawa 45 kwa nne na kupata saa 11 na robo. Akiongeza saa moja ya chakula, zinakuwa saa 12 na robo, na hapo sheria imevunjwa.

Akishusha hadi saa 11, anakutana na sharti jingine: anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano anastahili mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mapumziko yakiwa mara moja tu, lazima upande mmoja wa siku uzidi saa tano.

Mpango ulio salama zaidi ni huu. Jumatatu hadi Alhamisi, kazi ianze saa 1 asubuhi hadi saa 6 mchana, watu wale, kisha waendelee kuanzia saa 7 hadi saa 12 jioni. Hizo ni saa 10 kwa siku, sawa na 40 kwa siku nne.

Ijumaa kazi ianze saa 1 asubuhi na kwisha saa 6 mchana. Jumla inafika 45, na Waislamu wanawahi swala ya Ijumaa bila kuomba ruhusa.

Aidha, kati ya siku moja ya kazi na nyingine zinabaki saa 13 za kupumzika, wakati sheria inataka 12. Kazi pia inakwisha kabla ya saa 2 usiku, muda ambao nyongeza ya asilimia tano kwa kazi za usiku huanza kuhesabiwa.

Oda ikizidi, ovataimu ifanyike Ijumaa mchana kwa malipo ya mara moja na nusu, kwa makubaliano. Kuwaita watu Jumamosi kutavunja sharti la siku tano.

Kwa upande wa mfanyakazi, la kuangalia kwanza ni mshahara. Anayelipwa kwa siku akibaki na kiwango kilekile, atapoteza ujira wa siku moja ilhali kama alikuwa akifanya saa 45, saa zake hazikupungua. Makubaliano yataje wazi kuwa malipo ya wiki hayashuki.

Pia ajue anachokitoa. Bila maandishi, saa ya 10 ya kila siku ni ovataimu. Akitia saini, anaachia saa nne za ovataimu kwa wiki ili aipate Jumamosi.

Mama anayenyonyesha abaki na haki yake ya hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Wanaosimama kwenye mashine nao waangaliwe, kwani saa ya 10 uchovu huzidi na ajali huwa karibu.

Ni vema kuanza kwa majaribio ya miezi mitatu, kisha pande zote zikae na daftari la mahudhurio, la ajali na la uzalishaji. Yote yaandikwe kwa Kiswahili na kila mmoja apewe nakala. Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, karatasi hiyo ndiyo itakayoangaliwa kwanza.