Vihisio vya Ghalani: Nani Atajua Kimoja Kikiharibika?

Chama kinachofikiria kununua vihisio, yaani vidude vya betri vinavyopima joto na unyevu ghalani na kupeleka vipimo kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kompyuta ya katibu, hakina budi kuuliza kwanza: siku kimojawapo kitakapoharibika, nani atajua?

Swali hili si la upuuzi. Mwaka 2005 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, Uholanzi, walitandaza vihisio vipatavyo 100 katika shamba la viazi ili kuchunguza hali ya hewa inayoleta ugonjwa wa ukungu. Programu yenye kasoro iliingizwa kwa bahati mbaya, betri zikaisha upesi, na mwishowe ikapatikana asilimia 2 tu ya taarifa zilizotazamiwa.

Hata hivyo kihisio kilichonyamaza kina nafuu, kwa kuwa ukimya wake huonekana. Cha kuogopwa ni kile kinachoendelea kutuma tarakimu za uongo. Mahindi yakizidi unyevu wa asilimia 13.5 hukaribisha kuvu, na kuvu huweza kuzaa sumu. Kihisio kilichoganda kwenye kipimo cha wiki iliyopita kitatuliza nyoyo huku magunia yakiharibika. Tarakimu isiyobadilika usiku wala mchana yafaa kushukiwa. Dawa nyingine ni kulinganisha majirani: kimoja kikipanda ghafla na vinne vinavyokizunguka vimetulia, yamkini ni kibovu. Lakini kompyuta isiachiwe kukipuuza, maana huenda paa linavuja papo hapo juu yake! Mtunza ghala aende na kipimo cha mkono.

Kasoro ni jambo moja, hila ni jingine. Mawimbi ya redio hayana mlango. Mtu aliye jirani aweza kunasa ujumbe wa leo na kuurudia kesho. Kwa hiyo kila ujumbe hutiwa muhuri kwa ufunguo wa siri na kupewa namba ya mfululizo, kama stakabadhi zetu: namba ikijirudia, katibu hushtuka. Kila kihisio kiwe na ufunguo wake, ili kimoja kikiibwa visifunguke vyote. Muuzaji aliyeacha ufunguo uleule wa kiwandani asilipwe mpaka aubadilishe mbele ya kamati.