Karatasi ya Kata na Heka ya Mpunga

Kuna karatasi ambayo ikikosekana inaweza kuizima kesi ya ardhi kabla mlalamikaji hajafungua mdomo. Hutoka Baraza la Kata, na kiini chake ni maneno machache: tumejaribu kuwasuluhisha hawa wawili, imeshindikana. Tangu sheria iliporekebishwa nchini Tanzania mwaka 2021, Baraza la Kata haliamui tena shamba ni la nani. Limebaki na kazi ya kusuluhisha. Na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako uamuzi hutolewa, halisikilizi shauri mpaka lithibitishiwe kwamba usuluhishi ulijaribiwa ukagonga mwamba. Kwa kawaida, mwenye haki asiye na karatasi hurudishwa alikotoka.

Kwa mtu wa mjini, kurudishwa ni usumbufu. Chimala, wilayani Mbarali, ni kupoteza msimu. Hapa barabara kuu ya Mbeya kwenda Iringa inapita chini ya milima inayopandwa kwa kona hamsini na saba kuelekea Matamba, na upande wa pili uwanda wa Usangu unatandaza majaruba. Maji yakishaingia mfereji hayamsubiri mtu anayefuatilia kesi. Aliyeingia jaruba akapandikiza ndiye atakayevuna, na aliyebaki na hoja nzuri atanunua mchele wa debe.

Hapo ndipo anapohitajika msaidizi wa kisheria. Si wakili. Ni mtu wa hapahapa aliyepewa mafunzo na kusajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo imemkataza kutoza ada na kusimama mahakamani kama wakili. Uwezo wake wote umo katika kuuliza vizuri na kuelekeza mapema.

Mchukulie mjane aliyeachiwa heka mbili za mpunga, kisha shemeji akatokea akidai shamba ni la ukoo. Akifika kwa msaidizi hujieleza kwa mkupuo: maradhi, msiba, matusi aliyotupiwa. Msaidizi anayeijua kazi yake humwacha aseme mpaka moyo utulie, ndipo aanze. Pole sana, mama. Shamba mlilipataje, mlinunua au mligawiwa na kijiji? Mlianza kulima mwaka gani? Mlipopimiwa, nani alisimama kwenye mpaka? Karatasi ya mauziano iko wapi?

Kila swali lina sababu. Mwaka unaulizwa kwa kuwa madai ya kurejesha ardhi yana ukomo wa miaka 12. Mpaka unaulizwa kwa kuwa mwenye jaruba la jirani ni shahidi bora kuliko ndugu. Karatasi ya mauziano, hata ikiwa ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule, ikiwa na majina ya waliouziana, mashahidi na tarehe, inaweza kubeba uzito ambao mjane mwenyewe hakuutegemea.

Halafu linakuja swali linalowashtua wengi: mirathi ilifunguliwa? Kama shamba lilikuwa la marehemu, anayetakiwa kulisemea ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mjane, hata kama amelima miaka yote, huenda akalazimika kuanzia Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo mkononi, na mara nyingi akaulizwa muhtasari wa kikao cha ukoo. Kikao hicho kinaweza kuongozwa na shemeji yuleyule. Kazi ya msaidizi hapo ni kumweleza mama kwamba ukoo hauteui msimamizi, mahakama ndiyo inayoteua, na kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haiitambui mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu tu ni mwanamke.

Baada ya hapo ndipo wanarudi kwenye karatasi ya kata. Msaidizi atamsisitizia: ukipeleka lalamiko, bakiza nakala, na nakala hiyo ipigwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Sheria imelipatia Baraza la Kata siku 30 za kusuluhisha. Zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaruhusiwa kwenda wilayani hata bila karatasi hiyo ya kata. Lakini asiyeweza kuonyesha ni lini alipokelewa atazihesabuje hizo siku 30? Mhuri mmoja unaweza kuokoa msimu mzima wa mpunga, na kuudai hakuhitaji shahada ya sheria.

Kwamba msaada wa kisheria si lazima utoke kwa wakili, kuna nchi iliyotoka vitani iliyojifunza kwa uchungu. Vita vya Sierra Leone vilipokwisha mwaka 2002, nchi ilikuwa na mawakili takriban mia moja, zaidi ya 90 kati yao wakiwa Freetown. Mwaka 2003 Simeon Koroma na Vivek Maru walianzisha Timap for Justice, wakiwafundisha watu wa kawaida sheria na usuluhishi ili wawahudumie wanavijiji bure. Mwaka 2012 nchi hiyo ilitunga sheria iliyowatambua wasaidizi hao.

Mbarali haikupitia vita kama hivyo. Lakini inayajua majeraha ya ardhi: wafugaji walioondolewa Usangu kuanzia mwaka 2006, Hifadhi ya Ruaha iliyopanuliwa mwaka 2008 ikagusa vijiji, na Kapunga, ambako hekta 1,870 za kijiji zilijikuta ndani ya shamba la mpunga lililouzwa kwa mwekezaji.

Mwaka 2023 serikali ilizindua kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, na mahema ya ushauri yakafika mikoani. Ni jambo la kushukuru. Hema hata hivyo hung'olewa, na anayebaki na mjane ni msaidizi asiyeruhusiwa kumtoza hata shilingi. Nauli ya kumsindikiza kata na wilaya itatoka mfukoni mwa nani?

Na lipo zito zaidi. Mgogoro wa mjane na shemeji una njia, ndefu lakini inapitika. Mwanakijiji akigombana na serikali yake ya kijiji juu ya shamba, mambo ni mengine. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020, anatakiwa kutoa notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kufungua shauri Mahakama Kuu. Huko msaidizi wa kisheria hawezi kumsemea, na wakili ana bei yake. Mkulima wa heka mbili aende na nani?