Kufundisha Uhuru wa Kusema: Kisa cha Skokie

Mwalimu akiuliza darasani, "Je, kila mtu ana haki ya kusema?" wanafunzi hujibu kwa sauti moja, "Ndiyo!" Jibu hilo halina uzito, kwani ni rahisi kumtetea asemaye tunayoyapenda. Haki hii hupimwa kwa maneno yanayochukiza. Yafaa basi somo lianze na kisa kigumu.

Mwaka 1977 kikundi kidogo cha Wanazi wa Marekani kilitaka kuandamana Skokie, mji mdogo karibu na Chicago. Wakazi wake wengi walikuwa Wayahudi, wakiwamo waliookoka katika kambi za Hitler. Mji ulitunga sheria za kuwazuia. Aliyewatetea Wanazi hao mahakamani alikuwa David Goldberger, wakili wa chama cha ACLU kinachotetea haki za raia. Naye ni Myahudi. Maelfu ya wanachama walijitoa kwa hasira. Mwaka 1978 mahakama zilizibatilisha sheria hizo, lakini mwishowe Wanazi waliandamana Chicago, si Skokie.

Hapo mwalimu anyamaze, kisha aulize: "Kwa nini Myahudi amtetee adui yake?" Wanafunzi wajadiliane katika vikundi kabla hajaeleza kwamba amri imnyamazishayo mwovu leo, kesho itamnyamazisha mnyonge. Mwaka 1963, mjini Birmingham, amri ya mahakama ilitumika kuyazuia maandamano ya Martin Luther King.

Mwanafunzi mwerevu atauliza habari za Rwanda. Mwalimu asikwepe. Mwaka 1994 redio RTLM ilitaja watu kwa majina na kuchochea wauawe. Hayo si maoni tena, bali ni sehemu ya tendo la kuua. Na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wake. Mpaka uwekwe wapi? Ujerumani hukataza hata alama za Wanazi, Marekani haikatazi. Wanafunzi wapime sababu za kila upande.

Mtihani wa mwalimu mwenyewe utakuja siku mtoto atakapolitukana kabila la mwenzake. Asikimbilie fimbo. Kwanza amlinde aliyetukanwa, kisha amtake msemaji atoe ushahidi mbele ya wote. Fimbo huyaficha mawazo mabaya. Hoja ndiyo huyashinda.