Kiingereza cha Kuchagua Herufi Hakitoshi

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Septemba, watoto wa darasa la saba wa Shinyanga, Kahama, Bukombe, Nyang'hwale na Geita huingia katika chumba cha mtihani pamoja na wenzao wa nchi nzima, na mojawapo ya karatasi wanazopewa ni ile ya Kiingereza. Baadaye huja zamu ya ndugu zao wa kidato cha nne. Kisha wazazi hungoja, matokeo hutangazwa, na mwaka huanza upya. Leo twapenda kuuliza jambo ambalo katika shamrashamra hizo husahauliwa: mtihani huo wapima nini hasa? Na hicho unachokipima, chamfaa nini kijana anayekulia juu ya ardhi yenye dhahabu?

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba hatuna ugomvi na lugha ya Kiingereza. Mwalimu Nyerere, ambaye hakuna aliyekitukuza Kiswahili kuliko yeye, alikwisha kutuambia kwamba Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia. Mwenye kukijua ana ufunguo mmoja zaidi. Ugomvi wetu ni na desturi ya kumpa mtoto picha ya ufunguo, tukamtahini juu ya picha hiyo, kisha tukashangaa kwamba mlango haukufunguka.

Tutazame safari ya mtoto wa Usukuma. Nyumbani huanza na Kisukuma, na wengine Kisumbwa au Kizinza. Shuleni hukuta Kiswahili, na tangu mwaka 1967 hiyo ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, uamuzi ambao twaona fahari nao mpaka leo. Akiingia kidato cha kwanza, lugha hubadilika kwa siku moja: historia, jiografia, hesabu na elimu ya viumbe, yote sasa ni kwa Kiingereza. Lugha hizo mbili alizozizoea hazitofautishi mwanamume na mwanamke katika neno "yeye". Kiingereza chamlazimisha achague. Kwetu mtu huazima jembe kwa jirani, na jirani naye humwazima. Kiingereza chataka maneno mawili yasiyofanana, "borrow" kwa mmoja na "lend" kwa mwingine. Makosa ya mtoto huyo basi si ujinga. Ni mantiki ya lugha yake inayofanya kazi mahali pasipo pake. Mwalimu akiliona kosa katika sentensi aliyoiandika mtoto mwenyewe, aweza kulieleza na kulirekebisha. Lakini kwanza hapana budi mtoto aiandike hiyo sentensi.

Na hapo ndipo penye shida. Mwaka 2012 Baraza la Mitihani lilianza kutumia mashine kusahihisha mtihani wa darasa la saba, na watahiniwa wakatakiwa kutia weusi penye herufi ya jibu. Faida zake si za kubeza, kwani kazi ya kusahihisha ilikuwa kubwa na mashine haina upendeleo. Baadaye maswali machache ya kuandika yalirudishwa, lakini sehemu kubwa ya karatasi ya Kiingereza ingali ya kuchagua. Swali la kuchagua laweza kutuambia kama mtoto aitambua kanuni ya sarufi aionapo, au kama alijua neno fulani. Haliwezi kutuambia kama aweza kupanga mawazo matatu yakafuatana. Na asiyejua laweza kumpatia alama kwa bahati tu.

Wapo watakaosema kwamba mtihani ni mizani tu, haumfundishi mtu. Twasema sivyo. Mtihani ndio mwalimu mkuu wa shule zetu, kwa sababu kila mwalimu hutazama utauliza nini kabla hajaamua atafundisha nini. Ukiuliza herufi, darasa litafundishwa herufi. Usipouliza barua, wala taarifa, wala hoja, mambo hayo yatakufa darasani bila ya mtu yeyote kuamuru yafe.

Onyo juu ya jambo hili si la jana. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na ndugu Jackson Makweta ilitoa taarifa yake mwaka 1982, ikapendekeza Kiswahili kitumike kufundishia hata katika shule za sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wetu Kiingereza. Wakaona kwamba katika kidato cha nne ni kama mmoja tu katika kumi aliyefikia kiwango ambacho mtu angetarajia masomo kwa lugha hiyo yaanze. Tulitafakari vema jambo hilo: kiwango cha kuanzia, katika mwaka wa kumalizia! Mpaka leo sekondari zetu zingali zinafundisha kwa Kiingereza. Maana yake ni kwamba karatasi ya historia ni mtihani wa Kiingereza uliovaa kanzu ya historia, na kijana anayeujua ugonjwa wa malaria tangu utotoni aweza kukosa swali la malaria kwa kuwa hakulielewa. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri, yaliitikisa nchi. Hatusemi kwamba lugha peke yake ndiyo iliyoleta maafa yale. Sababu zilikuwa nyingi. Twasema tu kwamba mizani iliyochanganya mambo mawili haiwezi kumwambia mzazi ni lipi lililopungua.

Sasa turudi kwenye ukanda wa dhahabu, kwani hapo suala hili si la vitabuni. Geita ilichimbwa dhahabu tangu enzi za Mwingereza, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009 hadi ulipofungwa mwaka 2021. Mikataba, taarifa za mazingira, maelekezo ya mitambo na vipimo vya maabara vya migodi ya namna hii huandikwa kwa kawaida kwa Kiingereza. Mwaka 2017 nchi nzima ilijifunza neno moja, makinikia, serikali ilipoyazuia makontena 277 yaliyotoka Bulyanhulu na Buzwagi. Je, swali lile lilikabiliwaje? Halikukabiliwa kwa kelele. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilichukua sampuli, ikapima, ikaandika. Kamati ya Profesa Nehemiah Osoro ikachambua upande wa uchumi na sheria, nayo ikaandika. Kampuni iliyapinga matokeo hayo, na ubishi ukawa wa karatasi kwa karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Mwisho wake ulikuwa mapatano yaliyotiwa saini Januari 2020, ikaundwa kampuni ya Twiga ambamo serikali ina hisa 16 katika kila mia. Mtu aweza kuridhika na mapatano yale au asiridhike. Lakini hawezi kukana kwamba meza ile isingekaliwa na taifa lisilojua kuchunguza na kuandika lilichokiona.

Wala jambo hili si la maprofesa peke yao. Katika machimbo madogo, mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa, kisha huichoma ili dhahabu ibaki. Mvuke wake hudhuru ubongo na figo, na watoto na mama wajawazito ndio walio hatarini zaidi. Ulimwengu ulikwisha kulikubali jambo hilo katika mkataba wa Minamata wa mwaka 2013. Lakini nani atakayekwenda kuhesabu ni nyumba ngapi kijijini zinazochomea zebaki karibu na jiko? Nani atakayeuliza maji ya kisima yatoka umbali gani na mahali pa kusafishia dhahabu, akayaandika majibu kwa namna ambayo diwani hawezi kuyapuuza? Kazi hiyo yaweza kufanywa na kijana wa kidato cha tatu, mradi awe amefundishwa kuuliza, kupima, kupanga na kuandika. Huo ndio utafiti, na hauanzii chuo kikuu.

Chama hakihitaji kwenda mbali kutafuta mwongozo. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu aliulalamikia mtihani unaopima kukumbuka mambo badala ya uwezo wa kufikiri. Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma Novemba 1974, iliamua kwamba mtihani wa mwisho usiachwe kuwa hakimu wa pekee, na tangu hapo kazi za mwanafunzi za kila siku zikapewa uzito. Mbegu ilipandwa, ila tumeinyima maji. Katika utaratibu wa alama uliotangazwa mwaka 2013, kazi mradi ya mwanafunzi wa sekondari ilipewa alama 5 katika 100. Alama tano kwa kuchunguza na kuandika! Kijana mwenye akili atauona uzito huo na kuipa kazi hiyo juhudi ya alama tano.

Twapendekeza basi mambo matatu. Kwanza, karatasi ya Kiingereza, tangu darasa la saba, imtake kila mtoto aandike kwa mkono wake aya moja yenye maana, na aya hiyo ipewe alama za kutosha kumfanya mwalimu aifundishe mwaka mzima. Pili, kila mwanafunzi wa sekondari afanye uchunguzi mmoja juu ya jambo la mahali pake: bei ya pamba Kishapu, vumbi la karasha, visima, mahudhurio ya shule wakati wa rashi ya dhahabu. Auandike kwanza kwa Kiswahili, fikra zikae sawa, kisha auandike kwa Kiingereza. Sarufi na msamiati vipimwe hapo, katika maneno aliyoyahitaji kweli. Wala pasiwe na mtu wa kusema kwamba Kiswahili hakiwezi kazi nzito. Mwaka 2020 Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, aliandika kwa Kiswahili uamuzi wa shauri lililouhusu mgodi wa dhahabu wa North Mara, na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Tatu, maarifa ya masomo mengine yapimwe kwa njia ambayo kosa la lugha halihesabiwi kuwa kosa la maarifa.

Twajua jibu litakalotolewa: madarasa yamejaa, walimu ni wachache, na kusahihisha insha mia moja si sawa na kupitisha karatasi katika mashine. Ni kweli, na hatumwonei mwalimu. Lakini mzigo huu hauwi mzito hivyo ukigawanywa. Aya ya mistari kumi kila wiki mbili yaweza kusahihishwa na mwalimu kwa zamu, na wanafunzi wakasomeana na kurekebishana. Uchunguzi mmoja kwa mwaka waweza kufanywa na kikundi cha wanafunzi watano, kila mmoja akaandika sehemu yake na kutia jina lake. Gharama ya kufanya hivyo ipo; gharama ya kutofanya tumekwisha kuilipa miaka mingi.

Nanyi ndugu wanachama na wafanyakazi, msidhani kwamba neno hili lawahusu walimu na Baraza la Mitihani tu. Fundi wa mgodi aweza kumweleza mwanafunzi maana ya onyo lililobandikwa ukutani. Mwenye karasha aweza kujibu maswali ya kijana aliyeshika daftari badala ya kumfukuza. Na tawi la Chama, badala ya kuwaita wanafunzi kwa ngoma na nyimbo peke yake, laweza kuwaita siku moja wasome mbele ya mkutano waliyoyachunguza, na wakubwa wakakaa kimya wakasikiliza. Kijana atakayesimama mbele ya baba zake na mama zake, akasema nimehesabu, nimepima na nimeandika, atakuwa amefaulu mtihani ambao hakuna mashine iwezayo kuusahihisha. Dhahabu ya Geita na Kahama itakwisha siku moja, kama zilivyokwisha nyingine kabla yake. Uwezo wa kuuliza na kuandika hauchimbwi ukaisha. Yatupasa tuanze kuupima, ili tuanze kuufundisha.