Nyuzi au shashi? Pua ya mchimbaji baada ya upasuaji

Kaa kidogo na wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nyarugusu, Geita, au Mwakitolyo, Shinyanga, hutakosa mmoja anayehema kwa mdomo. Mwenyewe atakwambia ni vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Vumbi kweli huvimbisha utando wa pua, ila halipindi ukuta wa kati, ule wa gegedu na mfupa unaotenganisha matundu mawili. Huo hupindwa na kipigo: bodaboda iliyoteleza, kiwiko cha mpirani, mpini wa sururu mle ndani ya duara, shimo la machimbo. Na wapo wanaozaliwa nao hivyo.

Dawa ya kupuliza haiunyooshi. Daktari wa masikio, pua na koo, kwa wengi wa ukanda huu yule wa Bugando, Mwanza, hupasua kwa ndani, huinua utando, hunyoosha palipopinda au kupaondoa, kisha huurudisha utando mahali pake. Kazi inayobaki ni kuushikilia, damu isije ikajikusanya chini yake.

Njia ya zamani ni kujaza pua shashi yenye vaselini, au sponji inayovimba ikilowa, ikae siku moja au mbili. Usiku huo mgonjwa hahesabu kulala. Mdomo unakauka, kichwa kinagonga, akimeza mate masikio yanaziba, machozi yanamtiririka kwa kuwa njia yake ya kushukia puani imefungwa. Halafu ije siku ya kutolewa: muuguzi anashika ncha kwa koleo, anavuta, na utepe wenye damu unatoka, bado unatoka. Mwanamume aliyezoea kushuka shimoni kwa kamba utamkuta kang'ang'ania ukingo wa kitanda.

Njia ya pili ni ya fundi magodoro. Sindano inapita kutoka tundu hili hadi lile, inarudi, inasogea mbele, hadi tando mbili zikae zimebana ukuta kama kitambaa kilivyobana pamba. Uzi ni ule unaoyeyuka, hakuna wa kuuvuta. Humwongezea daktari dakika chache mezani, basi.

Tafiti nyingi zilizolinganisha njia hizi zimekuta wanaojazwa shashi wakiumia zaidi, huku hatari ya kutoka damu ikiwa karibu sawa. Kwangu mimi nyuzi ndizo ziwe kawaida, na shashi ingojee pua inayokataa kukauka damu.

Nasema hivyo nikifikiria pia safari. Daraja la JPM la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, foleni ya kivuko cha Busisi imekwisha, lakini kumsubiri muuguzi avute shashi bado ni siku za kula na kulala Mwanza, wewe na ndugu anayekuuguza.

Nyuzi nazo si ruhusa ya kurudi kwenye karasha. Wiki mbili hivi usipenge kwa nguvu, usibebe viroba vya mawe, ukipiga chafya achama mdomo. Pua ikiziba pande zote mbili ghafla, ikapwita na homa ikapanda, rudi hospitali siku hiyohiyo. Damu iliyonaswa huua gegedu, na mgongo wa pua ukabonyea.

Na kabla hujatia saini fomu ya ridhaa, muulize daktari: utanishona au utanijaza shashi, na itatolewa lini?