Kabla ya Kufunga Salisbury, Hesabu Mizunguko ya Propela

Wenye Land Rover 109 za zamani, zile za Series, wanaujua mlio huu. Gari limezama topeni, gia iko kwenye low, dereva anaongeza mafuta, kisha kunasikika “ka!” na nguvu ya nyuma imekwisha. Hafushafti imekatika. Ekseli ya nyuma ya Rover, ile ambayo difu yake hufunguliwa kwa mbele, ina hafushafti zenye meno 10 tu upande wa difu. Kwenye Series III, gia ya kwanza ya low huzidisha msokoto wa injini zaidi ya mara 40 kabla haujafika magurudumuni. Chuma huchoka kidogo kidogo kwa miaka, na tope la siku moja linakimaliza.

Dawa inayojulikana ni ekseli ya Salisbury, ambayo kiwanda chenyewe kilianza kuifunga kwenye 109 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hafushafti zake zina meno 24, na krauni na pinioni yake ni kubwa zaidi. Ukilala chini ya gari utaitambua kwa mfuniko wa bati ulio nyuma ya difu. Ni nzito, na tumbo lake linaning’inia chini zaidi, kwa hiyo kwenye mawe itagusa mapema.

Hatari inaanzia kwenye spea za mitumba. Land Rover 110 ya springi za koili, iliyotoka mwaka 1983, nayo ilifungwa Salisbury, na ukiitazama kwa nyuma huwezi kuitofautisha na ya 109. Ndani lakini uwiano wake ni 3.54, wakati 109 ya kawaida inatumia 4.7 mbele na nyuma. Ekseli yake pia ni pana zaidi na mabano yake si ya springi za majani, lakini fundi hodari wa kuchomelea anaweza kulimaliza hilo. Meno ya ndani hayachomelewi. Magurudumu yakizunguka mara 10, propela ya mbele inazunguka mara 47 na ya nyuma mara 35 tu. Lamini gari litakwenda vizuri, kwa sababu Series huendeshwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Siku utakapoweka foo wili, propela mbili zilizofungwa pamoja zitashindana, na kwenye ardhi kavu lazima kitu kivunjike.

Kwa hiyo usinunue kabla ya kuhesabu. Weka ekseli juu ya stendi, zuia gurudumu moja lisizunguke, chora alama ya chaki kwenye gurudumu la pili na kwenye flanji ya pinioni. Zungusha gurudumu hilo mara mbili kamili. Flanji ikizunguka karibu mara nne na robo tatu, ni ya 4.7. Ikizunguka mara tatu na nusu, iache. Ukitaka kuipima ekseli ikiwa bado chini ya gari, weka gia neutro na uachie breki ya mkono, maana kwenye Series breki hiyo hushika propela. Zuia magurudumu ya mbele kwa magogo kwanza.

Ukishaipata, tafuta pia propela ya 109 yenye Salisbury. Pua ya difu hii ni ndefu, na propela ya zamani haitaenea.

Kwa maoni yangu, anayebeba mizigo mizito kwenye njia mbovu anaihitaji Salisbury. Anayevunja hafushafti kwa sababu ya kukanyaga mafuta ghafla ataendelea kuvunja. Hafushafti ya meno 10 ilikuwa kama fyuzi: unafungua bolti sita za flanji, unachomoa bila hata kutoa tairi, unarudi nyumbani kwa magurudumu ya mbele. Nyuma ikishakuwa imara, mguu uleule utatafuta gia boksi, na gia boksi haishushwi porini.